Kitenzi cha Fundi Kamusi

Mtaani kwetu kuna fundi wa madirisha tunayemwita Kamusi. Mkono wake sina la kuusema: fremu ya alumini akiifunga yeye, mvua haipenyi hata ikinyesha kwa ubavu. Ubaya wake ni mdomo. Akiona neno refu la Kiingereza hulimeza bila kutafuna, kisha anatutapikia sisi.

Siku moja alitaka kitenzi cha heshima cha kuandika kwenye ukuta wa karakana yake. "Tunafunga madirisha" aliona ni lugha ya vibarua. Akafungua kitabu chake cha maneno ya Kiingereza, akakuta defenestrate, na kando yake asili: limetokana na neno la Kilatini, fenestra, yaani dirisha. Akafunga kitabu hapo hapo. Asili kaisoma, maana kairuka. Kesho yake ukuta ukapigwa rangi nyekundu: WE DEFENESTRATE HOMES, OFFICES AND FAMILIES. Mkewe akamwambia, baba watoto, watu wanatafuta dirisha, hawatafuti mtihani. Akajibiwa kwamba biashara ya kisasa haimhusu.

Kazi zikawa haba. Ndipo akaja nesi mstaafu anayejenga nyumba ya kulea wazee, ghorofa tatu, madirisha tele. Kazi ile ingemlisha Kamusi mwaka mzima, naye alilijua hilo. Hata shati alibadilisha. Vioo angenunua dukani kwangu, kwa hiyo nilisogeza kiti.

Nesi akasoma ukuta, akarudia. "Fundi, na wazee wangu utawafanya nini?"

"Nita-defenestrate wote, mama. Chumba hadi chumba. Habaki mtu."

Mama wa watu akatafuta pa kukaa. Akamweleza taratibu, kama anayempa mtoto dawa, kwamba kitenzi hicho maana yake ni kumtupa mtu nje kupitia dirishani. Zamani huko Ulaya watu wenye hasira waliingia ngomeni wakawarusha wakubwa wa serikali dirishani, na kwa sababu ya kisa hicho wasomi wakalifinyanga neno kutoka Kilatini. Mke wa Kamusi akauliza kama walikufa. Walipona, nesi akasema; wapo wanaodai waliangukia samadi.

Akacheka, akatoa sharti jepesi: futa neno hilo, kazi ni yako.

Mwenye akili angeomba brashi pale pale. Kamusi akatunisha kifua. "Mama, wewe ni nesi. Maneno niachie mimi."

Nesi akaaga vizuri tu. Mke akaingia ndani bila kumtazama mumewe.

Wiki ile ile kazi ikaenda kwa fundi wa mtaa wa pili, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Fremu zake hazifikii za Kamusi, niliziona nilipopeleka vioo, lakini zimefunga nafasi na wazee hawanyeshewi.

Kamusi akanifuata dukani kulalamika kwamba nimemuuzia hasimu wake vioo. Nikamsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikamuuliza kama kuna kitu anataka kununua.