Barua Niliyoinoa Mwenyewe

Nilipokuwa katibu wa chama cha wafanyakazi hapa kisiwani, nilikuwa na utaratibu mmoja niliojivunia kuliko yote. Mwanachama akija na malalamiko dhidi ya mwajiri wake, karani wetu alimsikiliza, akayaandika kuwa barua, kisha rasimu ikaletwa mezani kwangu niipitie. Lakini pahala pa jina la mwajiri paachwe nukta tupu. Sikutaka kumjua. Pemba si kubwa. Huyu ni shemeji yangu, yule nimesoma naye skuli, na wa tatu tumeoleana. Nikilijua jina, kalamu inalegea. Nisipolijua, inakata.

Na nilipenda ikate. Sikusoma zaidi ya sekondari, lakini barua ya madai niliijua kama mshoni anavyojua kanzu. Nilitumia kalamu nyekundu. Penye "tunaomba" nilitia "tunadai", na maneno ya kubembeleza niliyafuta yote.

Afisi yetu ilikuwa Chake, upande wa kwendea Gombani. Ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mdogo wa mikutano. Tulikuwa watu wanne: mimi; karani, ambaye ni mwanamke kijana wa Mgogoni, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi; dereva, ambaye ni mtoto wa mama yangu mdogo; na mama mmoja wa makamo aliyefanya usafi na kutupikia chai. Huyu mama alizungumza kwa sauti ya chini sana, hata akikusalimia ilibidi usimame ndipo umsikie.

Katika hao watatu hakuna aliyekuwa na mkataba wa kazi. Naliandika hili bila kulipamba. Nilizunguka kisiwa kizima nikidai mikataba ya maandishi kwa watu wengine, na chini ya dari yangu hapakuwa na hata kipande cha karatasi. Nikiulizwa, nilijibu kwamba sisi pale ni ndugu.

Karani alikuwa na mimba ya miezi saba aliponiuliza, "Mzee, nikishajifungua, meza yangu nitaikuta?"

Nikacheka. "Weye ni mtoto wa nyumba hii, mwanangu. Mtoto wa nyumba ataulizaje mambo ya likizo?"

Nilidhani nimempa heshima kubwa. Aliniangalia kidogo, akasema, "Haya, Mzee," akarudi kwenye kompyuta yake.

Wiki iliyofuata nilikuta rasimu mezani. Mlalamikaji alikuwa mwanamke anayekaribia kujifungua. Alisema hana mkataba, na kwamba alipouliza habari ya likizo ya uzazi mwajiri wake alimjibu kwa mzaha. Aliyemtangulia katika kazi hiyo, iliendelea barua, alikwenda kujifungua, na aliporudi na mtoto begani alikuta mtu mwengine kakalia kiti chake. Yeye na wenzake waliomba wafanyakazi wote wapewe mikataba, na walimpa mwajiri mwezi mmoja ajibu.

Damu ilinichemka. Mwezi mmoja? Nikaukata, nikaandika siku saba. Pale penye habari ya kiti nilipiga mistari miwili na kuongeza sentensi yangu mwenyewe: "Mwajiri anayemfungia mwanamke mlango siku ya uzazi wake hana haya, na wala asijiite mtu wa haki." Pembeni nikaandika: "Huyu nani? Asiachwe!"

Dereva aliingia kuchukua ufunguo wa gari akaiona ile karatasi. "Mzee, leo umeamka na nani? Karatasi nzima damu tupu."

"Huyu ana bahati simjui," nikamwambia.

Dereva alitazama dari, akashikwa na kikohozi, akatoka mbio bila ya ufunguo.

Asubuhi ya pili waliingia chumbani kwangu wote watatu pamoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha katika semina zetu, Wete hadi Mkoani, kwamba mfanyakazi asiende kwa bosi peke yake. Waende watatu, na asemaye awe mpole kuliko wote, kwa sababu mkali humpa bosi kisingizio. Yule mama alitangulia na sinia yake. Nikasogeza makaratasi niipishe chai. Kwenye sinia hapakuwa na chai, palikuwa na bahasha.

"Katibu," akasema kwa ile sauti yake, "umeletewa."

Nikafungua. Barua ilikuwa imepigwa chapa vizuri, haina hata doa la wekundu. Siku saba zilikuwamo. "Hana haya" ilikuwamo. Na pale penye nukta palikuwa na cheo changu.

Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Nani kakutumeni?"

Dereva akajipiga paja. "Kaisema! Si nilikwambieni ataisema?"

Katika semina hilo ndilo swali nililokuwa nikiliigiza, kifua mbele na sauti nzito, kuwaonyesha watu waajiri wanavyosema wakibanwa. Watu walicheka hadi machozi. Safari hii nililisema bila kuigiza. Karani alijitahidi kujizuia, tumbo lake likitikisika kwa kicheko, na yule mama akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Mimi sikucheka. Niliwatoa chumbani.

Jioni yake nilifanya jambo ninaloliona haya mpaka leo kuliko mengine. Nilimwita dereva pembeni ya gari nikamwambia, "Weye ni ndugu yangu wa damu. Nitakuandikia mkataba wako kesho. Hao wengine waache na mambo yao."

Hata hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemwona mzee wake kavaa shati nje ndani. "Kaka, hiyo umetufundisha siku ya pili ya semina, baada ya chai. Bosi huanza kwa kugawa watu. Niliandika kwenye daftari."

Kuanzia kesho yake walikuja kazini wamevaa fulana za chama tunazogawa Mei Mosi, zenye maneno MKATABA NI HAKI kifuani. Fulana ya karani ilimbana tumboni hata neno HAKI likatanuka kama bango. Wanachama waliokuja afisini walishangaa. "Kwani leo Mei Mosi?"

"Kwenu ilishapita," karani aliwajibu. "Siye yetu bado."

Nilipiga simu makao makuu Unguja nikitaraji kutetewa. Mkubwa wa huko alinisikiliza nikimsomea barua, akaniuliza kaiandika nani, maana ilikuwa nzuri. Nikaaga, nikakata simu.

Siku ya saba, alasiri, tulikaa ukumbini kuzungumza. Mimi niliingia mwanzo, nikavuta kiti nikakaa. Yule mama akaniinamia sikioni. "Baba, upande wako ule."

Nilikuwa nimekaa upande wa wafanyakazi. Miaka yote katika meza za mazungumzo nilikaa upande huo, na miguu ilinipeleka yenyewe. Nikainuka nikazunguka meza. Ni meza ile ile, lakini upande wa pili jua la dirishani linakupiga usoni, na unawaona wenzako wote wamekukabili.

Karani alizungumza. Hakuwa na mzaha siku hiyo. "Mzee, ile habari ya kiti, yule mtu mwengine aliyekaa ni miye. Alikuja na mtoto wake mchanga, akasimama mlangoni, akaniona. Alinipa salamu akaondoka. Miaka yote hii nakikalia kiti kile nikijua zamu yangu itakuja."

Ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimeipigia mistari miwili habari hiyo, nikamlaani aliyeifanya, na aliyeifanya ni mimi. Wakati ule nilijiambia kwamba kazi ni nyingi na haiwezi kungoja. Sikuwa nimemwambia yule mwanamke hata neno.

Hapo uwanja wa Gombani ukalipuka kwa goli, na kichwa cha dereva kikageuka chenyewe dirishani. "Samahani," akasema. Karani akaanza kucheka, nasi sote tukamfuata, na mie nilicheka huku nikifuta macho. Baada ya hapo mazungumzo hayakuwa marefu. Likizo ya uzazi ikaandikwa, na kiti kumngoja mwenyewe kikaandikwa. Kilichotuchelewesha ni chai tu.

"Chai haimo katika usafi," alisema yule mama. "Iandikwe au iachwe."

"Iandikwe," nikasema upesi. "Nakuomba sana."

Nilitia saini mara tatu, juu ya neno "Mwajiri". Mkono wangu haukulizoea.

Karani alipokwenda kujifungua, nilimwambia dereva anipeleke Tumbe. Yule niliyemfungia mlango nilimkuta dikoni, pale pwani ngalawa zinaposhusha samaki, ananunua kwa wavuvi na kupakia samaki kwenye pikapu za kwenda Chake. Alikuwa anapiga kelele na vijana wa baiskeli, magamba yamemjaa mikononi. Nikamwambia nimekuja kutaka radhi, nikamweleza kwa nini.

"Mzee," akasema, "mtoto mwenyewe sasa anasoma darasa la tano!" Akacheka, nami sikujua nicheke au nisicheke. "Radhi nimekupa. Kazi yako siitaki, hapa miye ndiye bosi. Lakini hukunipa hata barua ya kuonyesha kwamba nilifanya kazi kwako. Hiyo niandikie."

Nilimwandikia pale pale, juu ya boneti ya gari. Aliisoma yote kabla ya kuikunja. Alinipa samaki changu wawili nipeleke nyumbani, na bei akakataa kuitaja. Miaka aliyoikosa sikuweza kuiandika.

Afisini, miezi hiyo, barua nilizipiga mwenyewe kwa kidole kimoja. Kiti cha karani, yule mama alikifunika kanga, na aliyetaka kukikalia, hata mgeni wa heshima, alionyeshwa kiti cha plastiki. Siku karani aliporudi, na mtoto wake wa kike begani, alisimama mlangoni kidogo. Kisha akaifunua kanga mwenyewe, akakaa, akazungusha kiti mara moja kulia na mara moja kushoto.

Mchana aliniletea rasimu yake ya kwanza. Pahala pa jina pana nukta, kama kawaida. Nilichukua kalamu nyekundu, kisha nikaiweka chini.

"Mwanangu, huyu si mimi?"

"Ipitie kwanza, Mzee," akasema. "Tutaona."