Nyimbo za Mama Ndani ya Flopi

Mwaka alioolewa mdogo wangu, nyumba yetu ya Temeke ilikuwa na mwali wa kweli na mwali wa kubandikwa. Wa kweli alikuwa yeye, kafungiwa chumba cha ndani, anasuguliwa msio, ule unga wa liwa wa kulainisha ngozi, na kufukizwa udi mpaka siku yake ifike. Wa kubandikwa nilikuwa mie, mwanamume mzima mwenye ndevu na cheti cha kidato cha nne, ambaye kwenda nje ilikuwa mpaka pawe na dharura. Wageni wakija mama aliwaambia, "Mie Mungu nilimwomba mwali mmoja, akaniongezea."

Kisingizio changu kilikuwa kompyuta. Nasema kisingizio kwa sababu tabia yenyewe nilikuwa nayo toka zamani. Mjomba aliileta kutoka Dubai, enzi zile biashara ilipofunguliwa na kila aliyepanda ndege akawa anarudi na kitu chenye waya. Ilikuwa mtumba, ina rangi ya meno ya mvuta sigara, na mbele ina mdomo mwembamba wa kuingizia flopi, kile kibamba cheusi cha plastiki tulichokuwa tukihifadhia kazi. Niliwachapia watu barua za kuomba ajira na kadi za mialiko, kwa vidole viwili, niko nyumbani, kiatu sivai. Tuliiweka chumba cha ndani kwa kuwa ndicho chenye dari na feni. Mdogo wangu alipoingizwa ndani, akaingizwa humohumo.

Mama ni mtunzi. Kwetu, kabla ya ndoa huwa na shughuli ya kinamama, na kwenye shughuli upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi hurushiana vijembe kwa nyimbo. Upande utakaokosa la kujibu utasemwa mpaka bibi harusi apate wajukuu. Mama hajawahi kukosa la kujibu. Lakini mwaka uliotangulia alipata kiharusi. Mguu ulirudi, mdomo ukarudi, maneno ndiyo yakawa yanamkimbia. Ungemkuta jikoni kashika mwiko, anautazama, jina lake halimjii. Na wakwe zetu wa Gongo la Mboto, kwa sifa walizokuwa nazo, walikuwa wanakuja na kikundi kizima.

Kwa hiyo akawa ananiita kila akiamka na wimbo. "Zitie humo kabla hazijanitoka," ananiambia. Anaimba, nachapa. Wakati huo mdogo wangu alikuwa bado anatoka, basi alikuwa akitumwa dukani au kisimani kwanza, mlango ndio ufungwe. Asisikie, maana mama alikuwa akisema, "Huyu keshakuwa wao. Akizisikia leo, kesho ziko Gongo la Mboto zinatungiwa majibu." Kwa sababu hiyohiyo hakutaka kitu kibaki ndani ya mashine wala kwenye karatasi. Nilihifadhi kwenye flopi, yeye akaifunga kwenye leso, akaitia sandukuni mwake. Karatasi zingechapwa siku kinamama wa upande wetu watakapokutana kujifunza.

Siku hiyo ilipokaribia, nikaitia flopi mdomoni. Draivu, kile kifaa cha ndani kinachosoma flopi, ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Kisha kioo kikaandika kwa Kizungu kwamba haisomeki, na kikaniuliza nichague: niache, nijaribu tena, au nikubali nimeshindwa. Nikachagua nijaribu tena. Nikaulizwa tena.

"Kaka, mbona unatoka jasho na feni linazunguka?" mdogo wangu akauliza kutoka kitandani, kajipaka msio usoni, kawa kama sanamu ya udongo.

"Joto."

"Joto la feni?"

Nilikuwa najaribu kukumbuka hizo nyimbo mie mwenyewe, nikagundua sikumbuki hata moja nzima. Wakati wote mama anaimba nilikuwa naitafuta herufi ya K.

Nilipomwambia mama, hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye kigoda, akafumba macho, akaanza wa kwanza. Akaenda mistari kadhaa vizuri, nami nikapumua, halafu akasita. Akarudi mwanzo. Akasita palepale. Akafungua macho akanitazama kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Si nilikupa wewe?" akasema taratibu. "Mie nilishazitua."

Basi ile ndiyo dharura. Nikavaa viatu nikaenda Kinondoni kumtafuta fundi, kijana mmoja aliyekuwa akitengeneza kompyuta za maofisi. Akaja na begi na uchangamfu mwingi. Tulimsitiri mwali kwa pazia la kanga, fundi akafungua kasha na kutikisa kichwa.

"Hii draivu imekufa, braza. Tupa kule. Ninayo nyingine hapa, nzima."

Akafunga ya kwake. Flopi ya barua za kuomba kazi ikakataa. Ya mama ikakataa. Akatia yake mwenyewe, ikasoma bila wasiwasi.

"Umeona? Ubovu uko kwenye flopi zako sasa. Ngoja niifomati hii."

"Ukishaifomati?"

"Inakuwa mpya kabisa."

"Na vilivyomo?"

"Mpya, braza. Mpya ina nini?"

Alikuwa keshaandika amri, kidole kiko juu ya kitufe cha kuikubali. Sijui nilivuka vipi kile chumba. Nilimshika mkono kama nimemfumania mwizi wa kuku, nyuma ya pazia mwali akacheka mpaka msio ukampasuka.

Fundi hakukasirika. Alikaa akafikiri, akanieleza jambo lililonitia baridi. Inawezekana, alisema, kichwa cha draivu yangu, kile kidude kinachosoma na kuandika, kilikaa upande toka huko ilikotoka. Kiliandika upande na kusoma upande, kikawa kinaelewana chenyewe kwa chenyewe. Draivu iliyonyooka haiwezi kuufuata mwandiko ule.

"Kwa hiyo wa kuisoma ni nani?"

"Ni huyohuyo marehemu."

Akamrudisha marehemu mahali pake. Mlangoni akaniachia onyo: nisiijaribujaribu, kwani kichwa kibovu huichuna flopi, na kilichochunika hakirudi. Alipoondoka nikaijaribu. Nikaapa basi, halafu nikaijaribu. Kila ikikoroma naona nyimbo zinakwanguliwa kama ukoko wa sufuria, na mkono bado unabonyeza. Mdogo wangu akawa anahesabu kwa sauti, nikamwambia anyamaze.

Mama naye alikuwa na utambuzi wake. Ile mashine imepigwa jicho. Wameingia wangapi humu kumtazama mwali, na wote macho kwanza kwenye kompyuta? Alikuwa ameshaifukiza mara kadhaa toka mwali aingizwe, kwa tahadhari, pamoja na nguo na kitanda na mwali mwenyewe. Sasa ikawa asubuhi na jioni. Akaja na chetezo, makaa yamewiva, akatupia udi na ubani, akakisogeza mbele ya kompyuta ikiwa imewashwa.

Mie nimeinama na kukata tamaa kwangu, nikamsikia anasema kwa furaha, "Ona, ona! Inavuta!"

Nikatazama. Moshi haukupanda juu. Uliinuka kidogo kwenye chetezo, ukalala, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye ule mdomo wa flopi, ukaingia wote, uzi mmoja mwembamba, kama unamezwa.

"Inapenda," mama akasema. "Ilikuwa na njaa ya kufukizwa."

Nyuma ya kompyuta kuna kifeni. Kinatoa joto nje, na hewa lazima iingie kwa mahali, na mahali penyewe pakubwa ni mdomoni. Toka mwali aingizwe ndani, udi wote wa chumba kile ulikuwa ukipita juu ya kichwa cha draivu. Tulikuwa tumeifukiza mpaka imepofuka.

"Mama, toa chetezo," nikasema.

"Nitoe? Ndio kwanza inakubali!"

"Mama, nakuomba. Toa."

Sauti yangu ilimshtua. Akakitoa.

Nikazima, nikaifungua draivu kwa kisu cha mezani. Mdogo wangu akaja akanusa. "Kaka, inanukia kama sanduku la mama." Na kile kichwa, kidude kidogo kuliko punje ya mchele, kilikuwa na utando wa kahawia unaonata. Duka la dawa lilikuwa jirani, nikarudi na spiriti. Pamba na njiti alikuwa nazo mwali kwenye vitu vyake vya wanja. Nikajaribu mie, njiti ikagonga chuma.

"Leta hapa," mwali akasema. "Utakitoboa." Akanawa msio mikononi. Alikuwa kazuiwa kufanya kazi yoyote kwa wiki nyingi na mikono yake ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyelala. Akapitisha pamba taratibu, kama anapaka wanja mtoto mchanga. Ikatoka ya kahawia. Nyingine, kahawia. Akaendelea mpaka ikatoka nyeupe.

Mama aliitwa. Nikawasha. Mwali akaamriwa ageukie ukutani na kujifunika kanga gubigubi, kwa kuwa yeye ni wao. Nikatia flopi. Ikakoroma. Ikasita, na mie nikasita nayo. Kisha ikaendelea, na maneno yakajaa kiooni, na nikaiwahi printa iliyokuwa pembeni kabla halijaingia jingine. Karatasi zikatoka kwa ile kelele ya cherehani, mama akizipokea moja moja. Herufi za Kirumi hazisomi vizuri, yeye kasomea za Kiarabu, ila alikuwa akizigusa.

Wimbo wa mwisho ulikatika katikati. Baada ya hapo zilitoka nyota na mikwaju, nikajua ni pale nilipokuwa najaribujaribu. Nikamsomea mama hadi penye ukomo. Akafumba macho.

"Umalizie, mama."

"Ngoja."

Tukangoja. Nikaona mdomo wake unatafuta. Nikawaza shughuli, kikundi kizima kimesimama kinamngoja, naye yuko hivihivi.

Kutoka kwenye kanga, ukutani, sauti ndogo ikaanza kuimba pale ulipokatika. Mstari, na mwingine, vijembe vya kuwachana mashangazi wa mumewe mtarajiwa.

"He!" mama akafumbua macho. "Wewe si ulikuwa kisimani?"

"Kisimani ni hapo dirishani, mama. Na sauti yako unaijua."

"Umewapelekea?"

"Wale? Ningewapelekea ningecheka na nani?"

Mama akalitazama lile rundo la kanga. Kisha akasema haya, malizia. Mwali akaimba, akafika kwenye mstari wa kufungia, akanyamaza. Huo hakuusikia, siku ile gari lilipita. Mie ndio usiniulize.

Nilitaka kusema tuuache, hata bila huo unatosha, mdogo wangu akatoa mkono kwenye kanga akanifinya nisiseme. Mama alikuwa akipiga paja kwa kidole, polepole, anahesabu mapigo. Akaanza, akafuta kwa mkono hewani. Akaanza tena.

"Aliyekuja na kiu," akasema, akasimama hapo. Sikuthubutu kumtazama. "Aliyekuja na kiu... haringi mbele ya mtungi."

Akaurudia, safari hii kwa wimbo, na sauti haikutetemeka.

"Ndio wenyewe?" mwali akauliza.

"Sio," mama akasema. "Huu mzuri zaidi. Wee mwali wa pili, chapa, unanitazama nini?"