Bi Kidevu Ampiga Picha Mama Yake

Mtaani walimwita Bi Kidevu. Jina alijitafutia mwenyewe, maana kwa miaka ishirini na miwili, katika kijistudio chake chenye kitambaa cheupe ukutani, kila aliyekuja kupiga picha ya pasipoti aliambiwa maneno yaleyale: kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke. Watu walitoka na nyuso za washtakiwa, lakini hakuna ofisi iliyowahi kuzikataa picha zake. Hapo ndipo fahari yake ilipokuwa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Bi Kidevu alikuwa samaki mkavu wa miaka hamsini na mmoja alipojiandikisha katika darasa la upigaji picha la kila Jumamosi. Kisa kilikuwa mama yake, fundi cherehani wa tangu enzi na enzi, ambaye daktari wa macho alimwambia kushona sasa basi. Mama alikubali shingo upande: angemaliza gauni la mteja mmoja, kisha Ijumaa ya mwisho wa mwezi cherehani ingekwenda kwa mjukuu wake. Bi Kidevu akapekua makasha, akapata picha kumi na moja za mama, zote za pasipoti. Hakuna hata moja yenye mikono. Aliona aibu ya kweli. Mpiga picha mzima, na mama yake anayeshona amemkatia kifuani mara kumi na moja!

Mwalimu wa Jumamosi alikuwa binti ambaye Bi Kidevu aliwahi kumpiga picha akiwa na sare ya shule. Alianza na kikombe mezani. Igawe picha kwa mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, akasema, kisha kiweke kikombe pale mistari inapokutana, si katikati. Rahisi kama kumsukuma mlevi. Lakini mazoea yana taabu: kila Bi Kidevu alipobonyeza, kikombe kilikuwa kimerudi katikati, kimenyooka kama kinaomba viza. Darasa likacheka, naye akacheka, ingawa moyoni ilimchoma. Wiki ya tatu kikombe kikakubali kukaa pembeni. Akajifunza pia kwamba mtu akitazama upande, mwachie nafasi upande huohuo, macho yake yasigonge ukuta.

Alhamisi, siku moja kabla ya cherehani kuondoka, akaenda kwa mama. Akamkuta amevaa gauni la kutokea, tepu ya kupimia ameificha kwenye mtoto wa meza. Akamwomba airudishe shingoni, kisha akampanga: mama kwenye mstari wa kulia, mwanga wa dirisha ukimwangukia mikononi, kitambaa kikiteremka kutoka pembe ya picha hadi kwenye sindano. Kila kitu kilikaa sawa isipokuwa uso. Mama aliugeuzia dirishani. Bi Kidevu akamshika kidevu taratibu, akamnyoosha. Akarudi nyuma hatua tatu, uso ukageuka tena. Mara ya nne uvumilivu ukamwisha.

"Mama, nitazame mimi basi."

"Si ndiyo nakutazama, mwanangu. Wewe ndiye unayenizuia." Mama akashusha pumzi. "Hapa katikati ya macho pameingia giza. Ukininyoosha hivi, sikuoni kabisa. Nikitazama dirishani ndiyo nakuona, huku pembeni."

Bi Kidevu akauliza tangu lini. Tangu mwaka jana, mama akasema, ila hakutaka kuwatia watu wasiwasi. Na mwaka huo mzima Bi Kidevu alikuwa akimlalamikia dada yake kwamba mama siku hizi hamjali, ukiongea naye anaangalia kwingine. Machozi yakamtoka. Mama akamwambia atalia baadaye, gauni la watu linasubiri.

Akainamia kazi. Sindano ikatembea mshono mzima kwa mazoea ya vidole. Kisha akauinua uso, akauelekeza dirishani, akatabasamu. Bi Kidevu akabonyeza.

Jumamosi mwalimu aliibandika picha ukutani. Akasifu mwanga, akasifu mikono, akasifu ile nafasi iliyoachwa upande wa dirisha. Mwanafunzi mmoja, kinyozi, akasogea karibu, akaichunguza kwa muda, akauliza huyu mama anatazama nini huko nje kinachomfurahisha hivyo.

"Ananitazama mimi," akasema Bi Kidevu.