Supu ya Namba Saba

Kazi yangu mnaijua: nakaanga samaki kwenye kibanda cha Shangazi hapa Bukoba, na kila nikigeuza samaki naota nina mgahawa wangu wenye vitambaa vyeupe mezani. Kwa hiyo Adela, binti wa Shangazi anayesomea upishi na huduma huko Kampala, alipopiga simu kutualika, nilikubali kabla Shangazi hajafungua mdomo. Chuo chao kina mgahawa unaoendeshwa na wanafunzi wenyewe. Siku ya mtihani kila mmoja huleta wageni wake wawili na kuwahudumia huku mwalimu anatazama. Akifaulu, anapelekwa kufanya mazoezi ya kazi hotelini. Akishindwa, anarudia mwaka mzima.

Alfajiri tukapanda basi. Mutukula tulishuka, tukagongewa mihuri, tukavuka mpaka kwa miguu, Shangazi amekumbatia mkoba wake wa senene, panzi wetu wa kukaanga, utadhani kuna mtu anautaka. Baada ya Masaka nikasinzia. Nilipofumbua macho tulikuwa Kampala, na bodaboda wamelizingira basi mpaka dereva akazima injini.

Jioni tulifika mtaa wa Kisugu, kwenye chumba alichopanga Adela. Alimpigia mama yake magoti, akamsalimu hivyo hivyo akiwa chini, akapokea mkoba. Ndivyo tulivyolelewa. Habari za mtihani wa kesho yake hakuzigusa. Nafikiri aliogopa.

Kesho yake saa sita mchana tulikuwa kwenye geti la chuo, Shangazi kavaa gauni lake la harusi za watu. Mlinzi, mzee mrefu aliyewahi kuwa mwanajeshi, alitupokea kwa Kiswahili cha kambini.

"Mama, karibu. Nyinyi ni wageni ya nani?"

"Wa Adela."

"Aaa, namba saba! Huyo musichana nafanya kazi muzuri. Ingia. Chakula yao nakuja polepole, lakini nafika."

Ndani nilitaka kulia kwa furaha. Vitambaa vyeupe kama vya kwenye ndoto zangu, vimenyooka! Shangazi yeye alikuwa anahesabu uma.

"Uma tatu, Koku? Kwani mimi nina mikono mingapi?"

Kisha Adela akatokea. Shati jeupe, kizibao cheusi, namba saba kifuani. Akasimama wima mbele ya mama yake mzazi, akamtazama machoni.

"Karibu, Madam. Naitwa Adela, nitakuhudumia leo."

Madam! Na amesimama! Mimi moyo ulinipasuka. Shangazi mdomo ulibaki wazi, akaufunga, akaweka mikono chini ya meza. Adela akaleta kipande kimoja chembamba cha samaki katikati ya sahani kubwa. Shangazi hakukigusa.

"Hiki ni chakula au ni sampuli?" alininong'oneza. "Na huyu ni mtoto niliyemzaa mimi?"

Nikaona siku inaharibika. Adela alipopita karibu yangu nikamvuta kizibao. "Magoti, dada! Mama yako ameumia."

Macho yakamwiva. Aliporudi amebeba sinia la supu, akamwangalia mama yake, akapiga magoti pale pale, sinia mkononi.

Bakuli likateleza. Supu ya moto ikamwagika kwenye kitambaa cheupe, ikachuruzika hadi kwenye gauni la Shangazi. Aliruka kabla haijamfika kwenye ngozi. Mwalimu, mama mnene mwenye miwani, akagonga kengele ndogo.

"Namba saba. Toka."

Adela akatoka bila kugeuka. Arudie mwaka mzima, na ni kwa mdomo wangu! Nikamkimbilia mwalimu. "Kosa ni langu, mwalimu, mimi ndiye nilimwambia apige magoti."

"Nnyabo, dada yangu, mimi ni Muganda," akasema taratibu. "Nyumbani kwangu mimi pia napiga magoti. Lakini mwenye sinia ya moto hapigi magoti. Mwaka juzi mugeni aliungua mguu hapa hapa. Mugeni anaweza kusema kitu chochote, muhudumu ndiye nachagua."

"Hakuna njia?"

"Iko moja. Mwenye kumwagiwa amuite tena, kwa mdomo yake mwenyewe."

Shangazi alikuwa amesikia kila neno. Alikaa akifuta gauni kwa kitambaa cha mkono, akifuta pale pale palipokwisha kukauka. Nikadhani tunaondoka. Mwalimu akaishika kalamu yake nyekundu.

"Mleteni yule yule," Shangazi akasema.

Adela akaja na bakuli jipya, uso umelowa. Alipomkaribia mama yake niliona magoti yanaanza kukunjika yenyewe, kwa mazoea ya miaka yote.

"Simama hivyo hivyo, mwanangu," Shangazi akamwambia. "Leo mimi ni mgeni."

Supu ikatua mezani bila tone kumwagika. Shangazi akaionja, akakunja uso. "Chumvi kidogo, Madam," akamwambia binti yake, na mwalimu mwenyewe akacheka. Kwenye karatasi ya Adela aliandika alama za chini kwa sinia la kwanza, za juu kwa la pili. Adela amefaulu, mwezi ujao anaanza mazoezi hotelini.

Kesho yake, asubuhi, tukapanda basi la kurudi. Tulipofika Masaka Shangazi akaniuliza, "Aliposimama vile, uliona alivyorefuka? Sikujua nina binti mrefu hivyo."

Sasa nimerudi kwenye samaki wangu. Nimejifunza kumwacha mwenye kazi afanye kazi yake, hata kama roho inaniuma. Nimenunua kitambaa cheupe kimoja, nimekitandika kwenye meza ya mwisho. Juzi nilimpelekea Shangazi chai, nikaanza kupiga magoti, akanikamata kiwiko.

"Ya moto hiyo," akasema. "Iweke kwanza, ndipo unisalimu."