Matundu ya Nyumba ya Maofisa

Hadi leo nikisikia harufu ya mbao zilizoota ukungu, naijaribu kwanza sakafu kwa kisigino. Ni harufu ya nyumba tuliyokaa nilipokuwa na miaka tisa, juu milimani upande wa Bombo, baba alipopangiwa kazi ya uganga kwenye zahanati ya kijiji. Wajerumani waliijenga kwa ajili ya maofisa wao wa jeshi, na wanakijiji waliiita hivyo hivyo, Kwa Maofisa. Kuta zake za mawe na chokaa zilikuwa nene kiasi kwamba niliweza kukaa dirishani nikakunja miguu yote miwili. Dari lilikuwa juu mno, na baraza ilizunguka pande zote. Sakafu ya mvule iliinuliwa juu ya msingi, na chini yake, kuzunguka nyumba nzima, kulikuwa na matundu yenye nondo ambamo upepo uliingia upande huu na kutokea upande ule. Sisi tuliozoea joto la Same mjini, baridi iliyopenya kati ya mbao zile tuliiona kama adhabu.

Mama alipojifungua mdogo wangu Elinami, wanawake walikuja kumwona na uji na ndizi, wakashtuka kukuta mzazi analala penye upepo. Jirani yetu Mama Nakijwa, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, akaitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Kwa siku moja wakasomba mawe na udongo, wakaziba matundu yote. Hata mimi nilibeba mawe, tena kwa mbwembwe. Jioni ile chumba kilikuwa na joto, mama akalia kwa furaha.

Masika yakaingia, na harufu ikaanza. Ubao mmoja miguuni pa kitanda ukawa unabonyea chini ya kisigino changu kama ndizi iliyoiva. Nikamwita baba. Aliukanyaga taratibu, uso ukambadilika.

"Nyumba hii inapumua kwa yale matundu. Tumeyaziba, unyevu unaozesha mbao," akasema kwa sauti ya chini.

"Basi tuyazibue, baba."

"Watu wametoka jasho kwa ajili ya mama yako. Leo nikabomoe kazi yao wakiniona? Tusubiri mvua ziishe."

Mimi sikuweza kusubiri. Darasani nilisikia kichwani mwangu mbao zikivunjika, nikamwona Elinami akitumbukia gizani. Basi kila nikitoka shule nikawa nachokoa tundu moja nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimefikia la tatu Mama Nakijwa aliponikuta.

Nilimwamkia shikamoo kwa woga, ingawa nilishamwamkia asubuhi. Hakuitikia. Alinikokota mkono mpaka ndani.

"Mama Nanzia, huyu mwanao ana nini? Anabomoa kazi yetu!"

Huku akifoka, akampakata Elinami kama afanyavyo kila mgeni, akasogea miguuni pa kitanda. Ubao ukakatika. Mama Nakijwa alizama mpaka pajani, lakini mtoto alikuwa amemwinua juu kwa mikono miwili. Elinami hakupata hata mkwaruzo. Mguu wa Mama Nakijwa ulivunjika, na haukunyooka tena.

Kijiji kizima kikasema ni mimi, nimechokoa msingi mpaka sakafu ikaanguka. Nilimtazama baba, nikingoja aseme anachokijua. Alikuwa ameinama akiufunga banzi mguu wa jirani yetu, watu wamejaa mlangoni. "Mtoto ni mtoto," akasema. "Tusameheni."

Baba alifariki bila kuligusa tena jambo lile. Nilimkasirikia miaka mingi. Siku hizi ninasimamia watu ofisini, na nimeshanyamaza mara kadhaa ili nisiwaaibishe waliotenda kwa nia njema, hivyo hasira imepungua, ila uchungu haujaisha. Kule juu nyumba mpya ni za matofali ya saruji, sakafu imekaa chini kabisa, na Kwa Maofisa pamebaki kuta tu.

Mwaka jana nilipanda huko na Elinami kumjulia hali Mama Nakijwa. Anatembelea fimbo. Alinishika mkono, akaung'ang'ania.

"Nilishakusamehe zamani, mwanangu. Ulikuwa mtoto."

"Ahsante, mama," nikasema.

Elinami, ambaye sasa ana watoto wake, akanipigapiga begani kwa huruma. Naye ndivyo alivyosimuliwa.