Nilivyomfundisha paka wa mama mkwe kutembea kwa kamba hapa Kisangani, na kamba hiyo ilivyotuokoa

Wakuu, salamu kutoka Kisangani.

Leo nawaletea kisa changu mwenyewe. Sikusimuliwa, sijaongeza chumvi, na kama kuna mtu alikuwepo siku ile kwetu Mangobo akisoma hapa atanitambua. Kiswahili changu ni cha Kongo, Kifaransa kikiniponyoka mnivumilie.

Watu huuliza nani atamfunga paka kengele. Ya kengele siijui. Mimi nilimfunga kamba.

Kwanza mjue kwamba mimi na paka hatuivi chungu kimoja. Nauza vipuri vya pikipiki. Mnyama ninayemuelewa ni mbuzi, tena akiwa sahanini.

Sasa, mama mkwe wangu alihamia kwetu kutoka Bengamisa. Mumewe alifariki, presha inamsumbua, na kule hakubaki mtu wa kumpeleka kliniki. Alishuka kwenye pikipiki na mfuko wa nguo na kikapu kilichofungwa kitambaa. Kitambaa kikawa kinacheza. Ndani kulikuwa na paka, mweusi tii, jina lake Kapita, yaani msimamizi wa kazi, kwa sababu kule alikuwa akilinda mpunga dhidi ya panya.

Huku mkwe tunamwita bokilo, na bokilo ni heshima. Hamli sahani moja, hamtaniani, humkatalii kitu usoni. Nikasema karibu mama. Na paka naye akawa amekaribishwa.

Tatizo, Kapita alizoea ghala. Hapa mjini akaanza kuzurura juu ya mabati ya majirani huku analia kama mtoto mchanga. Haukupita muda, mke wangu akarudi kutoka bombani uso umemshuka. Wanawake walikuwa wanaulizana: yule bibi aliyekuja na paka mweusi, ni mtu wa namna gani?

Najua wengine hapa mtacheka. Huku hatucheki. Neno ndoki, yaani mchawi, likishamganda mzee, anaweza kufukuzwa mtaani, anaweza kupigwa. Nimeshaona, na sitaki kusimulia.

Mke wangu akasema paka aondoke. Mama mkwe akasikia. Hakupandisha hata sauti.

"Kama Kapita anaenda, miye pia naenda. Tulikuya siye wawili."

Arudi Bengamisa peke yake na presha ile? Mke wangu akaingia ndani kulia. Nikabaki mimi na mtihani wangu: paka abaki, lakini asionekane tena juu ya bati la mtu.

Ndipo nikakumbuka video niliyoiona kwenye simu, Mzungu anatembeza paka kwa kamba kama mbwa. Nikajisemea, bon, huyu akitembezwa mchana mpaka achoke, usiku atalala ndani kama watu wengine.

Wakuu, nilikosea tangu siku ya kwanza.

Nilimfunga kamba shingoni, vile tunavyofunga mbuzi, nikavuta. Kapita akajilaza ubavu, macho wazi, miguu imekakamaa. Nikadhani nimemuua mnyama wa bokilo! Jasho lilinitoka. Nikafungua kamba, akainuka, akajilamba, akaenda zake.

Nikamwendea fundi cherehani wa mtaani. Alicheka mpaka akasimamisha mashine, lakini akanishonea mkanda kutoka kwenye mkanda wa begi kuukuu: pete moja ya shingo, nyingine nyuma ya miguu ya mbele, zimeunganishwa mgongoni. Kamba inashikwa pale mgongoni, shingo haikabwi.

Kapita akachomoka kwa kurudi kinyumenyume. Tukaubana kidogo.

Nilichojifunza ni kwamba paka havutwi. Unamvisha mkanda ndani ya nyumba, unampa ndakala, wale dagaa wakavu, unamwacha akae na mkanda bila kamba. Kesho tena. Akishausahau ndipo unaweka kamba, na hapo unamfuata wewe. Akisimama unasimama. Akinusa ukuta, mnanusa wote. Ukiwa na haraka, rudi kwa mbuzi.

Mifuko yangu yote ilinuka samaki. Mteja mmoja dukani aliniuliza kama nimebadilisha biashara.

Mama mkwe alikuwa anatazama kutoka mlangoni, kaziba mdomo kwa kitenge, maana ni aibu kumcheka bokilo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Siku moja akatoka, akanyoosha mkono, nikampa kamba. Kapita akamfuata moja kwa moja mpaka barabarani, mkia juu, kama mtu anayewahi kazini. Mimi niliyeteseka muda wote ule sikupewa hata shukrani.

Basi wakawa wanatoka kila asubuhi, bibi na paka wake, taratibu, mpaka kwenye meza ya Mama Yanonge, muuza samaki wa mwisho wa avenue, tunayemwita hivyo kwa sababu katoka Yanonge. Pale mama ananunua ndakala kidogo, wanarudi. Wa kliniki walikuwa wamemwambia atembee, na kwa mara ya kwanza akawa anatembea.

Shida ilikuwa moja tu. Hapa kwetu mnyama akiwa na kamba anapelekwa sokoni. Kila mtu alikuwa anauliza.

"Mama, ile nyama ni bei gani?"

"Haina ya kuuzisha."

"Alors, kamba ya nini?"

Mama alikasirika siku za mwanzo, halafu akazoea. Watoto wakajua jina la Kapita. Mabatini hakupanda tena. Nikajua tumemaliza.

Halafu asubuhi moja niko dukani, mke wangu akapiga simu.

"Kuya mbio. Batu bamejaa ku nyumba. Banasema mama ni ndoki."

Sikumbuki nilifungaje duka.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mama Divine, alikuwa na mtoto mwenye homa kali. Badala ya hospitali alimpeleka kwenye maombi, na huko akaambiwa adui yuko karibu na nyumba. Karibu na nyumba ni sisi. Na zile siku za mwanzo, paka akilia usiku juu ya bati lake, hakuzisahau.

Nilikuta uani kumejaa. Vijana wengine nisiowajua walikuwa na fimbo. Mama mkwe alikuwa ameegemea mlango, Kapita kifuani, kamba ameizungushia mkononi.

"Mutoto yangu anakufa!" Mama Divine alikuwa analia kweli, sio maigizo. "Ule paka anapitaka juu ya nyumba yangu! Aseme amefanya nini na mutoto!"

Nikajipenyeza, nikasimama mbele ya mama mkwe. Nikasikia ananishika shati kwa nyuma. Wakuu, bokilo hashiki shati la bokilo. Siku ile alishika. Niliongea, hakuna aliyenisikiliza. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa sana.

Aliyesikilizwa ni Mama Yanonge. Alikuja na beseni lake kichwani, akapenya katikati ya watu.

"Ngoja kwanza, Mama Divine. Ndoki anatembeaka saa gani?"

Akatua beseni chini, akajijibu mwenyewe.

"Usiku! Na mutu hamuonake! Huyu paka miye namuona kila asubui, na jua yote, na kamba. Juzi toleka ilipita karibu yake na ile kengele ya velo. Alikimbia chini ya meza yangu, akakojolea ndakala yangu. Ndoki gani ule anaogopa velo?"

Mtu mmoja akacheka. Halafu wa pili. Dereva wa toleka, zile velo, baiskeli zetu za abiria, akasema kwa sauti, "Ni kweli, ni miye nilipita. Na bei yake nilishaulizaka."

Wengine nao wakakumbuka kwamba waliuliza bei. Ukishauliza bei ya mnyama, wakuu, ni vigumu kusema tena kwamba ni wa kuzimu. Fimbo zikashuka.

Sikungoja wabadilishe mawazo.

"Mama Divine, leta mutoto. Tunaenda hopitali sasa hivi, pikipiki iko hapa."

Alinitazama, akatazama watu, akakimbia kumchukua.

Ilikuwa malaria, imekula damu yote. Daktari aliniambia pembeni kwamba tungechelewa kidogo tu, basi. Mtoto aliongezewa damu, akafungua macho, akaomba chai. Pale kwenye benchi nilishusha pumzi mpaka mtu wa pembeni akaniuliza kama naumwa.

Nilimpigia mke wangu, nikasikia anamwambia mama. Halafu simu ikawa na kilio tu, na mimi pia nikalia, mtu mzima na mafuta ya injini mikononi.

Tangu hapo nimepata usingizi. Funzo langu ni dogo: watu wanaogopa wasichokiona. Kama una mzee nyumbani, usimfiche ndani ukidhani unamlinda. Mtoe, watu wamzoee, wamjue anaponunua samaki. Na mtoto akiwa na homa, hospitali kwanza, maombi mtaomba njiani. Sisemi mtaa wote umebadilika. Wengine bado wanavuka upande wa pili wa barabara.

Ila juzi Mama Divine alikuja na mtoto wake mgongoni na kichwa cha samaki kwenye jani, zawadi ya Kapita. Mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili. Akakinusa kwanza yeye mwenyewe, polepole, kama anayetafuta sumu, mbele ya mwenye zawadi. Mama Divine akainamisha uso, akangoja.

Halafu mama akamwekea paka, akavuta kiti, akamwambia mgeni akae.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Waliowahi kufunga paka kamba waseme, na waliowahi kusimama mlangoni mbele ya mzee wao nao waseme. Nitawasoma wote.