Mama Viazi wa Makambako apatanisha vijiji viwili

Saa moja asubuhi, bonde lililo kati ya Ludihani na Itambwe, mkoani Njombe, bado lina ukungu. Zipora Sanga (47) amesimama kwenye mfereji, akiwafokea wanaume wazima.

"Baba, jembe si la kuegemea! Chimba!"

Wanacheka, wanachimba.

Zipora si wa huku. Ni Mkinga wa Makete, hununua viazi na kuviuza Makambako. Kwa miezi saba, vijiji hivi viligombea maji ya vinyungu, bustani za bondeni za kiangazi. Ludihani, walio juu, waliziba mfereji. Itambwe wakapanda na mapanga kuuzibua. Maji yasipofika chini leo, miche ya kabichi itakufa na ugomvi utarudi palepale.

"Wasuluhishi walikuja wengi," anasema mzee Hezekia wa Ludihani. "Kila mmoja ama shemeji yetu, ama mjomba wao. Huyu hana ndugu hapa. Lumbesa yake, gunia la kufurika kwa bei ya gunia la kawaida, inatuumiza sote sawasawa!"

"Mwongo mkubwa wewe!" Zipora anaangua kicheko.

Siku ya kwanza ya usuluhishi aliharibu. Alipitia Ludihani, akakaribishwa ulanzi, pombe ya mianzi, akanywa bilauri moja kwa adabu tu. Kufika Itambwe, kikao kikavunjika: ameshanyweshwa huyo! Tangu siku hiyo huja na chai yake na viazi vya kuchemsha, hali chochote kwa mtu.

"Sikuja kwa utakatifu," anasema. "Nilikuwa nabeba gunia arobaini kwa wiki, zikashuka hadi kumi na mbili. Nilitaka viazi vyangu, basi!"

Walikubaliana hivi: siku tatu maji ya juu, siku tatu ya chini, na kila kijiji kisafishe kipande cha mfereji cha mwenzake. Jumapili wote kanisani.

Saa tatu maji yanafika Itambwe. Priska, mkulima wa huko, anaingia majini hadi vifundoni, anapiga vigelegele. Kisha anatangaza: vijiji vyote viwili vimemtengea Zipora kinyungu.

 Miaka kumi na mmoja Zipora amepanga chumba Makambako, hana hata robo eka. Machozi yanamlengalenga.

"Nakitaka, Mungu anajua," anasema. "Lakini nikilima hapa, kesho nami nitagombea maji. Mtamwita nani?"

Mwakani atatafuta shamba kwao Makete. Huku, anasema, anataka kubaki mgeni.